Mwanangu, bendi ile haikuanzia kwenye mapenzi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha za theluji pia. Mama yako ameshazionyesha mtaa mzima. Sisi huku Mombasa tu wazima, joto tu ndilo linalotusumbua.

Nimeimaliza tamthilia ya BBC uliyonihimiza niitazame, ile This Town, sehemu zote sita. Sasa nijibu swali lako, ambalo uliliuliza kwa ukali kidogo: "Baba, wewe ulisoma Coventry miaka hiyo. Inawezekana kweli mwaka 1981, mitaa inaungua, kijana mweusi ambaye kaka yake ni askari wa Uingereza Belfast aunde bendi na binamu yake Mwairishi ambaye baba yake ni mtu wa IRA, lile kundi la silaha la Waairishi linalopigana na Uingereza? Au ni ndoto ya mwandishi anayeupamba ujana wake?"

Bendi ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote, mwanangu. Bastola na mabwana wa magenge, hayo sawa, yapunguze kidogo. Aliyeiandika ni Steven Knight, mzee wa Peaky Blinders, ile tamthilia ya magenge ya Birmingham, na mtu wa aina hiyo hawezi kukaa saa nzima bila kumtoa mtu roho. Lakini vijana weusi na weupe wenye gitaa na kinanda, wanaobishana katika chumba chenye baridi, wale walikuwepo. Nilipita chini ya madirisha yao.

Wewe unaiona bendi kama muujiza wa kupatanisha watu waliokuwa mbali. Hawakuwa mbali. Coventry ulikuwa mji wa viwanda: magari ya Triumph na Jaguar, na zile trekta nyekundu za Massey Ferguson ulizokuwa ukiziona mashambani ukiwa mdogo, nyingi zilitengenezwa pale Banner Lane. Mabomu ya Wajerumani yaliuteketeza mji usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, na baada ya vita palihitajika mikono ya kujenga na ya kukaza nati. Wakaja Waairishi, wakaja Wajamaika, wakaja Wapunjabi. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, miji ya eneo lile ilipokea na watu wa Kampala na Jinja. Mwenye duka niliyekuwa nikinunua mchele kwake alinisemesha Kiswahili siku ya kwanza, nikabaki nimeduwaa na fuko mkononi. Watoto wa watu hawa wote walikaa dawati moja shuleni, wakajua matusi ya kila kabila. Kabla ya kuwa na bendi walikuwa na ujirani, na ujirani si lazima uwe upendo.

Kisha viwanda vikaanza kufungwa. Kile cha Triumph kule Canley kiliacha kuunda magari mwaka 1980. Kufikia 1981 Uingereza nzima ilikuwa na watu wapatao milioni mbili na nusu wasio na kazi. Hapo ndipo jibu la lile lako jingine lilipo, la kwa nini wasitafute kazi badala ya kupiga kelele. Kazi ipi? Kijana aliyemaliza shule alipokea posho ya serikali, ndogo lakini ya uhakika, na mchana mzima ulikuwa wake. Gitaa lilinunuliwa kwa mkopo au kwa mtu aliyeuza lake apate kodi ya nyumba. Ukimpa kijana hasira, muda na ujira mdogo usiomlazimisha kuamka alfajiri, usishangae akirudi na wimbo. Serikali ya waziri mkuu, Bi. Thatcher, haikukusudia kufadhili muziki, ila kwa njia hiyo ilifadhili.

Na jina ambalo bendi ya kwenye tamthilia inajipa, ambalo siliandiki kwa sababu mama yako husoma barua zangu kabla hazijatoka, linakitukana kiwanda. Nililicheka sana. Kiwanda wanachokitukana ndicho kilichowakutanisha baba zao. Lau si kiwanda, Dante, yule kijana mweusi, angezaliwa Jamaika na binamu yake Bardon angezaliwa Ayalandi, na tamthilia isingekuwepo.

Sasa muziki wenyewe. Unajua mimi nilipiga gitaa la kati kwenye harusi za Majengo kabla sijapata nafasi ya kusoma uhandisi. Mkono wangu ulizoea kujaza, mpigo usio na pengo. Ska, muziki wa Kijamaika unaopigwa na bendi hizi, ilinitia adabu. Hesabu "moja-na-mbili-na": mguu unapogusa sakafu, gitaa liko kimya. Linalia pale kwenye "na", mguu ukiwa hewani, tena kwa mkato, kiganja kinazizima nyuzi papo hapo. Ukifanya hivyo kwa kasi, mtu hawezi kusimama wima, mwili unamnyanyuka wenyewe. Juu yake weka tarumbeta na tromboni.

Haikuzaliwa Coventry. Ilizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye vipaza sauti vya barabarani kama Coxsone Dodd na Duke Reid walipoanza kurekodi wanamuziki wa nyumbani badala ya kutegemea sahani za Marekani. Jamaika ilipopata uhuru mwaka 1962, ska ndiyo iliyokuwa ikichezwa. Wapulizaji wengi wa tarumbeta na tromboni walifunzwa katika shule ya wavulana ya Alpha, iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki, watoto wa kimaskini waliopewa tromboni na nidhamu. Mmoja wao, Rico Rodriguez, alihamia Uingereza mwaka 1961. Miaka ishirini hivi baadaye alikuwa akipuliza tromboni yake na bendi ya The Specials wa Coventry, mtu mzima katikati ya watoto.

Hao Specials ndio kivuli kilicho nyuma ya tamthilia nzima. Jerry Dammers, mpiga kinanda, na Horace Panter wa besi walikutana Lanchester Polytechnic, chuo changu, ingawa wao walikuwa upande wa sanaa na sisi wahandisi tuliwaona kama watu wasiokuwa na mitihani. Walikuwa saba: Neville Staple na Lynval Golding wazaliwa wa Jamaika, wengine watano wazungu. Mwaka 1979 Dammers akaanzisha lebo yake, 2 Tone, yenye miraba myeusi na myeupe, na ikawatoa The Selecter, ambao sauti yao ya mbele ilikuwa ya mwanamke, Pauline Black, na pia Madness wa London na The Beat wa Birmingham. Waliichukua ska ya wazee wa Kijamaika wakaitia kasi na hasira za punk, ule muziki wa gitaa wa kelele wa vijana wa Kiingereza. Mzungu hakuwa mgeni katika muziki ule, kwa maana aliusikia ukivuma kwa jirani tangu utotoni. Mweusi naye hakuwa amealikwa, ulikuwa wa baba yake. Hapo ndipo mizani iliposimama sawa, na sidhani kama muziki mwingine wowote wa wakati ule ungewapa hivyo.

Ila usije ukadhani tulikuwa tukicheza ngoma ya amani. Ukumbini walikuja wavulana wenye vichwa vilivyonyolewa, wengine wafuasi wa National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, wakanyoosha mikono kwa salamu ya Hitler mbele ya bendi yenye watu weusi, kisha wimbo ukianza wakacheza mpaka jasho likawatiririka. Wimbo ukiisha, mikono juu tena. Sikuwahi kuwaelewa, na tamthilia nayo haikunielewesha. Golding alipigwa na wabaguzi London mwaka 1980, akatunga wimbo wa kuwauliza kwa nini. Aprili 1981 kijana wa Kiasia alichomwa kisu akafa katikati ya Coventry, mchana kweupe. Juni yake Specials walipiga tamasha la kupinga ubaguzi katika uwanja wa Butts. Nilikwenda. Watu hawakujaa, wengi waliogopa fujo, na mimi mwenyewe nilisimama karibu na lango. Nilikuwa na karo ya kulipiwa na kibali cha kuishi cha mwanafunzi. Ndiyo maana pia sikuunda bendi, kama ulikuwa unataka kuuliza. Tamthilia imeegemea Wajamaika na Waairishi, nami naikubali ilivyo, lakini mwaka ule nikiukumbuka huwakumbuka kwanza Waasia wa Coventry wakifunga maduka mapema.

Kuhusu Waairishi, hapo Knight amegonga penyewe. Novemba 1974 mabomu katika baa mbili za Birmingham yaliua watu 21. Wanaume sita walifungwa kwa kosa ambalo hawakulitenda, wakaachiwa mwaka 1991. Katikati ya miaka hiyo, Mwairishi ndani ya basi alishusha sauti ili lafudhi yake isisikike. Kwa hiyo Bardon anapokataa kubebeshwa vita vya baba yake, na Gregory, kaka yake Dante, anapovaa sare ya jeshi kule Belfast akilinda kitu asichokiamini, mimi naona watu wawili wanaotafuta mahali pa kusema hapana bila kupigwa risasi. Bendi ndiyo mahali penyewe. Chumba cha mazoezi hakimuulizi mtu dini wala pasipoti. Kinamuuliza kama ameingia kwenye "na" au amechelewa.

Kilichonikera ni mashairi ya Dante. Levi Brown anamwigiza vizuri, uso wake una utulivu wa mtu anayesikiliza redio iliyomo kichwani. Lakini anasema kama mtu anayejua tayari kwamba atakuwa shujaa wa filamu. Nyimbo wametungiwa na Kae Tempest na Dan Carey, nazo nzuri, ila mara nyingine nasikia 2024, mwaka tamthilia ilipotoka, ndani yake. Vijana niliowajua walikuwa wachafu zaidi wa maneno, na wachekeshaji zaidi. Ska bila mzaha ni nusu ska.

Basi sikiliza Ghost Town ya Specials wenyewe, ukiwa peke yako, taa imezimwa. Dammers ameeleza kwamba walipokuwa ziarani Glasgow aliona akina bibi wakiuza barabarani vikombe na sahani za nyumbani mwao. Wimbo ule ulifika namba moja Julai 1981 ukakaa juu wiki tatu, na wiki hizohizo ghasia ziliwasha mitaa ya Handsworth kule Birmingham, Toxteth kule Liverpool na Moss Side kule Manchester. Hakuna aliyepanga. Upande wa pili wa santuri hiyo kuna ule wimbo wa Golding wa kuuliza kwa nini, na watu wengi hawakuugeuza.

Wimbo ukiwa bado unapigwa kila redio, mwimbaji wao Terry Hall, pamoja na Staple na Golding, wakamwambia Dammers wanaondoka. Namba moja nchi nzima, na bendi imekwisha. Tamthilia inaishia pale bendi inapoanza kung'aa, na mwandishi ana haki hiyo. Ila umeniuliza kama vijana kama wale wanaweza kupatana. Wanaweza, kwa miaka miwili mitatu, wakigombana njia nzima ndani ya gari.

Ukiwa Birmingham, Coventry ni mwendo mfupi kwa treni. Kuna makumbusho ya muziki barabara ya Walsgrave, panaitwa 2-Tone Village. Nenda, nipigie picha ya gitaa lolote utakaloliona, na unitazamie nyuzi zake ni nene kiasi gani. Mama yako anauliza koti lile zito alilokununulia unalivaa au umelitundika.

Wako,
Baba