Ndugu yako anatumia ARV na kichwa hakiachi kuuma? Soma hapa

Kama una ndugu aliyeanza ARV hivi karibuni na kichwa kinamuuma siku nenda siku rudi, panadol peke yake haitoshi. Mpeleke hospitali, useme wazi kwamba anatumia dawa, na uombe apimwe fangasi wa ubongo.

Nilimuuguza mdogo wangu huko Makambako. Alichelewa kuanza dawa na CD4, yaani chembe za kinga mwilini, zilikuwa chini sana, lakini mwili ulikuwa umeanza kurudi, majirani wanampongeza. Ndipo kichwa kikaanza. Akawa hataki mwanga, anatapika, mwisho akaona watu wawili wawili. Wapo waliosema taifodi, wapo waliosema karogwa.

Kumbe ni kriptokoka, fangasi anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Tunamvuta kwa pumzi. Mwenye kinga nzuri humdhibiti. Kinga ikishuka, anapanda kichwani. Na ARV zinapoiamsha kinga, mapambano yenyewe yanaweza kuvimbisha ubongo, ndiyo maana wengine huzidiwa wakati ule ule tunaodhani wamepona. Haambukizi mtu kwa mtu, kwa hiyo msimtengee mgonjwa kikombe.

Linaloniuma zaidi ni familia kukataa sindano ya mgongo. "Akichomwa hatatembea tena," wanasema. Sindano ile huingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Nilisimama pembeni nikaona maji ya uti wa mgongo yakitoka kwa kasi, maana presha kichwani ilikuwa juu. Baadaye mdogo wangu alifumbua macho, akaomba uji. Kuyapunguza maji ni sehemu ya tiba, na wakati mwingine hurudiwa mara kadhaa. Tafadhali msikatae.

Dawa zipo: amfoterisini ya dripu, flusitosini ya vidonge, kisha flukonazo kwa miezi mingi. Amfoterisini huweza kuchosha figo, hivyo msilalamike damu ikichukuliwa mara kwa mara. Flukonazo isiachwe kwa sababu kichwa kimepoa. Kuhusu ARV, ambaye hajaanza anaweza kuambiwa asubiri wiki 4 hadi 6 atibiwe fangasi kwanza. Hilo ni la daktari. Anayezimeza tayari asiziache kwa uamuzi wake.

Uzuri ni kwamba fangasi huyu huonekana kwenye damu kabla kichwa hakijauma. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa kumpima mgonjwa mapema na kumfuatilia nyumbani kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Kwetu Nyanda za Juu hili si la pembeni: kwa takwimu za 2022–2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya.

Kwa hiyo mkifika CTC, kliniki ya VVU, ulizeni CD4 ni ngapi. Zikiwa chini ya 200, ombeni kipimo cha damu cha fangasi huyu siku hiyo hiyo, hata kama mgonjwa anajisikia mzima.