Adapta ya mtandao inazimika? Pima umeme wake kwanza

Shikamoo fundi. Niko kiwanda cha chai, Mufindi. Adapta ya mawasiliano, kile kifaa kinachounganisha mashine na mtandao wa kiwanda, kwenye kikaushio hupotea kwenye mtandao kila feni kubwa inapowashwa, kisha inarudi yenyewe. Pawa saplai inatoa volti 24 kamili. Niagize adapta mpya?

Marahaba. Usiagize bado. Hizo volti 24 bila shaka umezipima kwenye paneli, feni ikiwa imezimwa. Nenda kwenye skrubu za adapta yenyewe, mwenzako awashe feni huku wewe unaangalia mita. Kama mita ina kitufe cha kushika kiwango cha chini kabisa, kitumie, maana umeme hushuka na kupanda kufumba na kufumbua.

Fanya hesabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 una ukinzani wa karibu omu 25 kwa kilomita. Adapta ikiwa mita 100 kutoka kwenye paneli, umeme unapita mita 200 kwenda na kurudi, yaani omu 5. Vifaa vya huko vikivuta nusu ampea, volti 2.5 zimeishia njiani na adapta inapata 21.5. Vifaa vingi vya viwandani vya volti 24 huvumilia hadi 20.4 hivi. Umebakiwa na volti moja na ushee, na koili ya kontakta, ile swichi ya umeme inayowasha feni, ikila kwenye saplai hiyohiyo, inaimaliza.

Waya wa 1.5 utapunguza upotevu huo kwa nusu. Mimi lakini ningetenga: saplai moja ya mawasiliano peke yake, nyingine ya kontakta na valvu. Na kila koili ya DC ifungiwe daiodi, maana inapozimwa hurusha volti kubwa kwenye waya.

Mbozi, mashine ya kukoboa kahawa. Taa ya adapta ni ya kijani muda wote, ila mawasiliano yanakatika, hasa mchana.

Taa ya kijani inasema umeme upo. Haisemi kama ni safi. Mchana kuna joto, na vumbi la maganda huziba matundu ya saplai. Kapasita zake huchakaa haraka: joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha yake hupungua karibu nusu. Weka mita kwenye AC, upime zilezile skrubu za DC za adapta, uone mawimbi ya AC ambayo saplai imeshindwa kuyachuja. Isome karibu na sifuri; ikikaribia volti moja, badilisha saplai. Mita za bei rahisi hudanganya hapa, hivyo ijaribu kwanza kwenye betri ya gari. Ikisoma chochote cha maana, tafuta nyingine. Kabla ya kufungua upande wa volti 230, zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli.

Mafinga, kiwanda cha mbao. Naweza kuilisha adapta kwa chaja ya ruta ya volti 12?

Soma kibandiko chake. Vifaa vya DeviceNet, aina mojawapo ya mtandao wa viwandani, hukubali volti 11 hadi 25, ila vya 24 tupu havitakubali.

Njombe, tunapaki parachichi. Jenereta ikipokea, adapta moja inabaki na taa nyekundu mpaka tuizime na kuiwasha.

Umeme unaporudi, kila kitu kinavuta kwa pamoja na volti za saplai hupanda kwa kusuasua. Adapta inaamka nusunusu. Weka rilei ya taima, swichi inayochelewesha umeme, kwenye laini yake ili ipate umeme sekunde chache baada ya saplai kutulia. Kama mtandao haupaswi kukatika kabisa, funga betri ya akiba ya volti 24 upande wa DC.