Wawili Njiani: Majibu kwa Wanaoanza Kutembea Njia ya Appalachian Vipande kwa Vipande

Mimi na mke wangu tunaishi Maryland. Kwa mwezi tunapata siku mbili tu za kupumzika pamoja. Tunatamani kuitembea Njia ya Appalachian kidogo kidogo. Tuanzie wapi?

Anzieni hapo hapo mlipo. Njia nzima ina zaidi ya kilomita 3,500 na inapita majimbo 14, kutoka Georgia hadi Maine, lakini kipande cha Maryland ni kama kilomita 66 tu, na sehemu kubwa inafuata mgongo wa South Mountain ambao hauna miinuko mingi ya kukatisha tamaa.

Msianzie Pen Mar kwa sababu tu ndiko mpaka wa jimbo ulipo. Kilomita za mwanzo pale zimejaa mawe, na vifundo vya miguu ambavyo havijazoea vitateguka. Siku ya kwanza ingieni njiani pale inapokatiza barabara ya US 40, mwelekee kusini hadi Turners Gap. Ni takriban kilomita 8, na katikati mnapita mnara wa mawe wa kumbukumbu ya George Washington uliojengwa na watu wa Boonsboro mwaka 1827. Mara ya pili, Turners Gap hadi Gathland, kama kilomita 12. Mara ya tatu ndipo mlale njiani.

Mkiwa na mizigo, hesabuni kilomita 3 kwa saa, na nusu saa zaidi kwa kila mita 300 za kupanda. Maryland hairuhusu kupiga hema popote unapochoka, ni kwenye vituo vilivyotengwa tu. Kwa hiyo chagueni kwanza mtakapolala, kilomita zifuate.

Tuna gari moja tu. Tutarudije tulikoanzia?

Liacheni gari mnakomalizia, mlipe mtu awapeleke mnakoanzia, kisha mtembee hadi lilipo gari lenu. Wengi hufanya kinyume: wanaliacha mwanzoni, halafu jioni wanajikuta bondeni wamechoka, simu haina mtandao, na dereva waliyeahidiana naye saa kumi ameshaondoka. Gari likiwa mwishoni, mkichelewa saa mbili hamumkosei mtu. Hakikisheni mapema kama maegesho hayo yanaruhusu gari kulala, maana mengine ni ya mchana tu.

Mkienda na wanandoa wengine wenye gari lao, jozi moja ianzie kila upande na mbadilishane funguo mkikutana katikati. Mkiamua kutembea wote pamoja, gari moja huku na jingine kule, kagueni ufunguo wa gari la mwisho kabla ya kufunga milango ya lile la mwanzo. Kuusahau ndani ni kosa linalowapata hata wazoefu.

Mume wangu hutangulia, mimi nabaki nyuma nikihema. Anasema tumegawana mizigo nusu kwa nusu, kwa hiyo ni haki. Je, ni haki?

Dada, hapana. Mzigo hugawanywa kwa uzito wa mwili. Anayeanza asibebe zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake: mwenye kilo 60 abebe kilo 9, mwenye kilo 85 abebe chini kidogo ya kilo 13, maji na chakula vikiwemo. Chukueni mzani wa kupimia masanduku, mpime kila kitu sebuleni kabla ya kufungasha. Hema hugawanyika vizuri: mmoja abebe turubai la nje na nguzo, mwingine chumba cha ndani. Jiko na gesi kwa mmoja, chakula cha jioni kwa mwingine.

Vipo vitu visivyogawanywa kamwe. Kila mtu abebe maji yake, koti la mvua, kurunzi ya kichwani, filimbi, ramani na chakula cha siku hiyo. Mkipoteana, aliye na chujio la maji peke yake hatamsaidia mwenye ramani peke yake.

Na kuhusu kutangulia: mwenye mwendo wa polepole ndiye akae mbele. Angalia kinachotokea mwepesi akitangulia. Anafika juu, anapumzika dakika kumi akikusubiri, na wewe ukifika tu, yeye anasimama kuendelea. Yeye amepumzika, wewe hujapumzika hata kidogo. Kufikia mchana magoti yako yanatetemeka, na ugomvi unaozuka hapo chanzo chake ni uchovu.

Alama za njia ni mistari myeupe ya sentimita 5 kwa 15 kwenye miti. Miwili ikipangwa juu na chini, kuna kona. Rangi ya buluu ni kijia cha pembeni, kiendacho kwenye maji au kibanda. Asivuke mtu njia panda yoyote kabla wote wawili hawajafika.

Tuogope dubu au kupe?

Dubu mnamzuia kwa kuweka chakula, dawa ya meno na sabuni mbali na hema: kwenye chombo kigumu, au mfuko ulioning'inizwa mita 4 juu na mita 2 kutoka kwenye shina.

Kupe ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu anaambukiza ugonjwa wa Lyme na kupe ambaye hajakomaa ni mdogo kama mbegu ya mchicha. Pulizieni nguo permethrini, dawa ya kuua wadudu, ziacheni zikauke kabisa, msiipake mwilini. Kila jioni kaguaneni nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kwenye nywele. Mkimkuta, mshikeni kwa kibano karibu na ngozi, mvuteni moja kwa moja bila kuzungusha. Msimchome kwa moto wala kumpaka mafuta.

Tukimaliza baada ya miaka 20, itahesabika?

Itahesabika. Appalachian Trail Conservancy, shirika linaloitunza njia, linawatambua waliotembea njia yote hata kama ni kwa vipande, bila kujali mpangilio wala miaka. Wekeni daftari: tarehe, mlikoanzia, mlikoishia. Andikeni hata upande wa barabara mliosimamia, maana kipande kinachosahaulika ni zile mita 400 kati ya maegesho mawili, na mtalazimika kusafiri upya kuzifuata.