Usilipe hiyo Land Rover kabla hujachubua fremu

Mkuu, usitume hiyo hela. Umeandika hapa jukwaani kwamba muuzaji wa Land Rover kule Njiro, Arusha, anataka kianzio cha milioni mbili na Jumamosi mnaandikiana kwa wakili. Ukauliza utajuaje gari lilipita kwa nani na nani, na rangi yake ya kiwandani ilikuwa ipi. Halafu ukamalizia kwamba kadi ya gari ipo, kibati cha namba ya chesesi (yaani fremu ya chuma inayobeba gari) kipo ndani, namba zinalingana, kwa hiyo roho imetulia. Nimesoma hapo nikaacha chakula mezani. Mimi nilitapeliwa nikiwa na kadi na kibati vinavyolingana hivyo hivyo.

Ilikuwa Land Rover Series IIA (toleo la zamani) fupi, ya petroli, imeegeshwa uani kwa watu kule Pasua, Moshi. Dalali alitoka Arusha, kijana mwenye maneno ya asali, akanipa na ukoo wa gari: lililetwa jipya kwa mzungu wa shamba la kahawa, mzungu alipoondoka akamwachia msimamizi wake, msimamizi akafariki, na anayeuza ni mwanawe. Kadi ilikuwa na jina la huyo marehemu. Kibati cha ndani kilikuwa na namba inayoanza na 242, na kadi inasema 242. Nikainama mbele ya gurudumu la kulia na brashi yangu ya waya. Dalali akanishika bega: "Mzee wangu, chesesi za magari haya zilishaliwa na kutu, hazisomeki. Ndiyo maana kiwanda kiliweka kibati."

Huo ni uongo, na aliujua kuwa ni uongo. Kwenye Series II na IIA namba imegongwa kwenye chuma chenyewe, kwenye ncha ya fremu ya mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiliwa. Haionekani kwa sababu imefunikwa na grisi, matope na rangi za miaka mingi. Kibati kinashikiliwa na riveti, na riveti zinatolewa kwa drili wakati chai haijapoa.

Nilitoa milioni saba. Wakili aligonga muhuri akiwa kwenye kiti chake, gari liko nje ya dirisha lake, hakusogea hata kulitazama. Mpaka leo najiuliza alishuhudia nini. Nikalipeleka kwa fundi Unga Limited ili fremu ipigwe rangi. Fundi akapaka thina pale kwenye ncha, akasugua, akafuta kwa kitambaa, kisha akapitisha chaki nyeupe na kuifuta juu juu ili ibaki kwenye mikwaruzo. Tarakimu zikatoka: 2, 4, halafu 1. Tukaleta tochi. Ni 241, na tarakimu zilizofuata hazikufanana na za kwenye kadi hata kidogo.

Kwa asiyejua: 242 ni gari fupi la petroli, usukani kulia, lililotengenezwa kuuzwa nje ya Uingereza. 241 ni gari la namna hiyo hiyo lakini la soko la Uingereza kwenyewe. Kwa hiyo hayo yalikuwa magari mawili. Bodi ya Land Rover sehemu kubwa ni aluminiamu iliyofungwa kwa bolti, fundi mzuri anaivua na kuivalisha fremu nyingine kama koti. Mtu alichukua bodi na kibati cha gari la marehemu, ambalo huenda fremu yake ilikatika, akavalisha juu ya mifupa ya gari la watu wengine. Kadi ilikuwa halali kabisa, ila ya gari ambalo halipo tena.

Mkaguzi wa magari wa polisi alipokuja kukagua kwa ajili ya kuhamisha umiliki, hakupoteza muda na kibati. Alisoma chuma. Gari likabaki kituoni. Baadaye ikajitokeza familia ya Marangu yenye kadi ya zamani ya 241. Baba yao aliliacha gereji, akaugua, akafariki, na gari likayeyuka. Msimamizi wao wa mirathi alikuwa na karatasi za mahakama mkononi. Gari lilikuwa lao, wakalichukua, na sina neno nao. Mama mmoja wa familia ile alilia alipoona usukani, akasema ndio aliojifunzia kuendesha. Muuzaji wangu alizima simu. Dalali nilimpata kwenye kijiwe chake, akanijibu kwamba yeye alikuwa "daraja tu". Daraja limekula kamisheni pande zote mbili! Mtu aliyenizuia kwa mkono wake nisisugue chuma hawezi kuniambia hakujua kilichopo chini ya ile grisi. Watu hawa wanaharibu jina la madalali waaminifu, na wanafanya familia nzima ziishi na kidonda kwa sababu ya kamisheni ya siku moja.

Kwa hiyo historia ya gari inaanza kwenye chuma. Chubua kwanza, soma, piga picha, ndipo uulize lilikuwa la nani. Ukianza kwa kibati unaweza kufuatilia kwa bidii zote historia ya gari la mtu mwingine. Kule Gaydon, Uingereza, kwenye British Motor Museum, wanatoa kwa malipo cheti kinachotokana na daftari za kiwanda: tarehe gari lilipotengenezwa, lilipotoka kiwandani, wakala wa kwanza aliyepelekewa, na rangi yake ya awali (basi hilo la rangi umejibiwa). Ningewatumia namba ya kibati changu, wangenijibu ukweli mtupu kuhusu gari ambalo sikuwa nalo.

Na usijenge chochote juu ya namba ya barabarani. Gari la zama hizo liliingia nchini na namba nyingine kabisa, hizi za T zenye herufi tatu mwishoni limezipata ukubwani. Namba ya zamani utaikuta kwenye picha za familia, risiti za bima, au karatasi za gereji, na ndiyo itakayokusaidia kuunganisha vipande. Wala taa zisikudanganye kuhusu umri wa gari. Land Rover zilihamishiwa taa za mbele kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini mabawa nayo yamefungwa kwa bolti tu, yanabadilishwa.

Ukishakuwa na namba ya chuma, hadithi ya mzungu wa kahawa inapimika. Mashamba mengi ya walowezi Kilimanjaro yalitaifishwa mwaka 1973. Muulize muuzaji: gari liliondoka kabla au lilibaki na shamba? Kama lilibaki, nani alilikabidhiwa? Na kama lilipita kwenye ushirika, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mali zikahamia kwenye mashirika ya umma, na magari ya mashirika yaliuzwa kwa mnada au zabuni. Gari lililopita huko linapaswa kuwa na karatasi ya mauzo. "Aliachiwa tu" haitoshi. Na kama jina kwenye kadi ni la marehemu, muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake usikubali. Unataka uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na huyo huyo ndiye asaini mkataba.

Mdau mwingine hapa jukwaani ametaja Peugeot 404 iliyoko Sakina, Arusha, inayosemekana ilikimbia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967, kwa hiyo kila mwenye 404 anatamani yake iwe ile. Magari ya mashindano yalipigwa sana picha, na kwenye picha nyingi pleti namba inasomeka. Mwenye hadithi alete picha na karatasi inayounganisha pleti hiyo na chesesi iliyopo. Bila hizo, lipa bei ya 404 ya kawaida.

Mkuu, nenda Njiro kesho na brashi ya waya, thina, kitambaa na chaki. Mwambie muuzaji mapema kwamba utasugua ncha ya mbele kulia. Akikataa au dalali akianza kukushika bega, panda daladala urudi nyumbani. Akikubali, weka picha hapa tuisome pamoja, ila ficha tarakimu za mwisho wezi wasije wakazichonga.