Amegeuza shingo tena: majibu ya barua zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: mtoto hali. Nimechagua sita. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi kliniki ya mama na mtoto, basi nitawajibu kama ninavyowajibu binti zangu, bila kupamba.

Shikamoo mama. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Zamani alikuwa anamaliza bakuli la mtori, sasa vijiko vitatu anageuza shingo. Dada wa kazi anambana na kumlisha kwa nguvu mpaka anatapika. Anachokubali ni maziwa tu, vikombe vinne kwa siku. Mama wa Pasua, Moshi

Marahaba mwanangu. Mtoto huzaliwa na kilo 3 hivi, na akitimiza mwaka anakuwa na kilo 9 au zaidi, mara tatu ya alivyozaliwa. Mwaka wa pili anaongeza kama kilo 2 au 2 na nusu tu. Mwili umepunguza kasi na njaa imepungua nao. Wewe bado unalipima bakuli la miezi tisa, yeye alishatoka huko.

Sasa hayo maziwa. Vikombe vinne vya robo lita ni lita nzima. Hata mimi ukinishibisha lita ya maziwa, mtori wako sitaugusa. Maziwa ya ng'ombe ni mazuri, lakini madini ya chuma yake ni kidogo sana, na yakijaza tumbo hayaachi nafasi ya nyama, maharage wala dagaa. Damu inapungua, na mtoto aliyepungukiwa damu anazidi kukosa hamu ya kula. Nanyi mnamwonea huruma, mnamwongezea maziwa. Yashushe hadi vikombe viwili, umpe baada ya chakula. Kama bado ananyonya, mwache anyonye. Hapa nasema ya ng'ombe tu.

Mwekee saa: chakula asubuhi, mchana na jioni, halafu kitu kidogo saa nne na saa kumi, kipande cha parachichi au ndizi mbivu. Katikati ni maji tu. Wala usimjazie bakuli. Weka vijiko vitatu. Akimaliza akaomba, ongeza. Akikataa, subiri kidogo kisha ondoa sahani, usimkimbize nayo uani. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliigawa kazi hii hivi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi; mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile kabisa. Wengi wetu tunataka kazi zote mbili.

Na huyo dada usimgombeze. Nadhani anambana mtoto kwa sababu yako. Ukifika getini jioni swali lako la kwanza ni "amemaliza?", naye hataki kukujibu "hapana." Anza kumuuliza "leo kapenda nini?" Utaona mikono inavyolegea.

Mimi ni baba, mwanangu wa miaka miwili na nusu anakula chipsi na wali mweupe. Mnafu anautema. Tumeacha kumpa. Sakina, Arusha

Nimefurahi kuandikiwa na baba. Mmeacha mapema mno. Mtoto wa umri huu huogopa chakula kigeni, na anaweza kukikataa mara nane, mara kumi na zaidi kabla hajakizoea. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Tena mmeanzia pagumu: mnafu ni mchungu, na ulimi wa mtoto unausikia uchungu kuliko wako. Anzia kwenye utamu, boga na karoti, kisha mchicha wa karanga, ndipo mrudi kwenye mnafu, uliopikwa kwa maziwa kama bibi zetu walivyopika. Weka kiasi cha kijiko cha chai kando ya wali wake anaoupenda, usiseme neno. Akikigusa kwa kidole, hiyo ni hatua. Akikitema, kesho kutwa kiwepo tena.

Msimwahidi soda akimaliza mboga. Hapo mnamfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ni mshahara. Jumamosi nenda naye soko la Kilombero, abebe fungu lake mwenyewe. Na samahani kwa swali hili: wewe baba, mboga huwa unakula wapi? Kama ni nyama choma njiani na nyumbani unafika umeshiba, mtoto hajawahi kukuona ukitafuna jani.

Mjukuu wangu anachambua maharage kwenye kiburu cha ndizi na kuyatupa. Mkwe wangu anasema kosa ni magadi yangu. Bibi wa Machame

Shikamoo bibi. Kwa kuyatupa maharage, magadi hayahusiki. Watoto wengi hawapendi ganda la harage, linabaki mdomoni kama karatasi. Mpondee ndizi na maharage pamoja kwa mwiko mpaka yasitambulikane, kisha siku baada ya siku upunguze kuponda. Umpe na kipande cha chungwa au papai, vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya maharage. Chai isimkaribie wakati wa kula, yenyewe huyazuia.

Lakini kwenye magadi, nitakuudhi: mkwe ana hoja. Magadi yanayouzwa kwetu mara nyingi yana floraidi nyingi, na maji ya sehemu kadhaa za Kilimanjaro na Meru nayo yamezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mdogo hivyo, na floraidi ikizidi huja kuota yana madoa ya kahawia. Mimi nimekulia Ngarenanyuki, huko Meru, nikicheka mtu anajua nimetoka wapi. Najua magadi yanaokoa kuni. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, upike kwa maji mapya; yataiva mapema. Kiburu cha wazee pikeni mnavyopenda.

Nilinunua unga wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi na mbili. Anaukataa. Niongeze sukari? Njiro

Usiongeze. Ponda ndizi mbivu ndani yake. Na kumi na mbili ni nyingi: tumbo dogo linazidiwa, na kila kinachoongezwa kama karanga au mahindi yasiyokauka vizuri kinaweza kuleta sumukuvu, sumu ya ukungu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Chagua mwenyewe nafaka moja au mbili, ulezi kwa mfano, ukauke, upepetwe, ukasagishe kidogo kidogo. Karanga tia siku ya kupika, baada ya kuzichambua moja moja.

Bila katuni kwenye simu hafungui mdomo. Tengeru

Zima. Siku za mwanzo atalia na atakula kidogo. Mtoto anayelishwa huku akitazama katuni hajui kama ameshiba, anameza tu.

Duka la dawa wameniambia kuna dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula. Pia nimemkuta mara mbili anakula udongo. Anachopenda ni karanga za kukaanga. Majengo, Moshi

Acha dawa hiyo dukani na umpeleke kliniki wiki hii, kwa ajili ya huo udongo. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, tena udongo wenyewe unaingiza minyoo. Wapime damu, waangalie mstari wa uzito kwenye kadi: unapanda, umelala, au unashuka? Mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 12.5 kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, huo ni utapiamlo, hatuzungumzii tena kuchagua chakula. Chini ya 11.5 au miguu imevimba, nenda leo hii. Uliza pia kama alipata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A. Hutolewa bure kila Juni na Desemba, na wazazi wengi husahau ile ya Desemba kwa sababu ya safari za sikukuu.

Na karanga za kukaanga ulizosema mwishoni kwamba ndizo anazopenda: nzima nzima asipewe kabla ya miaka mitano, zinaweza kumkaba. Zitwange uweke kwenye mchicha. Zikibaki, yule baba wa Sakina anazihitaji.