Jibu: Kutafsiri hisabati ya Suneung kwa Kiingereza

Mkuu, umeuliza kama programu ya kutafsiri inatosha kugeuza mtihani wa hisabati wa Suneung (mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu Korea Kusini) kutoka Kikorea kwenda Kiingereza. Kwa maswali mepesi ya maksi 2 inatosha; milinganyo haihitaji mkalimani. Kazi iko kwenye yale ya maksi 4, yenye masharti marefu yaliyopangwa kwa herufi za Kikorea, (가) na (나). Programu ikichanganya "kila x" na "kuna x", swali limekufa.

Kagua pia alama. Wakorea huandika ₙHᵣ kwa idadi ya njia za kuchagua vitu r kutoka aina n kwa kurudia, na wasomaji wengi wa Kiingereza hawaijui. Igeuze iwe ₙ₊ᵣ₋₁Cᵣ, alama ya kawaida ya kuchagua bila kurudia. Namba asilia kwao huanzia 1, kwa hiyo andika namba kamili chanya, usimwache mtu akijiuliza kuhusu sifuri.

Halafu likokotoe swali ukitumia tafsiri yako tu. Yale yasiyo na machaguo, jibu lake ni namba kamili isiyozidi 999. Ukipata sehemu badala ya namba kamili, rudi kwenye sentensi zako. Karatasi na majibu rasmi hutolewa na KICE, taasisi ya Korea inayotunga mtihani huo. Mimi ningeanza na mtihani wa Novemba 2021, mfumo ulipobadilika: maswali 22 ya wote, 8 ya somo la kuchagua.