Maziwa yamenikosesha maksi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Kwanza, Kongwa. Kwenye jaribio la Kemia tuliambiwa tutenge michanganyiko sare, ile inayoitwa homojeniasi, yaani kila sehemu yake iko sawa na nyingine, na isiyo sare. Maji ya chumvi nimepata. Maziwa nikaandika sare, nikakosa. Mbona ni meupe pe na ndani huoni kitu?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Umekosa kweli, ila hukujibu kijinga. Macho ndiyo yamekuponza. Karanga zenye kokoto kila mtu anazitambua kuwa si sare. Maziwa ni maji yenye vitone vya mafuta vinavyoelea, vingi havifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita kwa upana. Yaliyokamuliwa asubuhi yaache kwenye jagi mpaka jioni bila kuyachemsha, utakuta malai yamepanda juu. Chota kijiko cha juu na cha chini, ulinganishe. (Usionje! Maziwa mabichi yanaweza kuleta maradhi.)

Ya pakiti mara nyingi hayapandishi malai, kwa sababu kiwandani vitone vimepasuliwa vikawa vidogo zaidi. Hapo chukua tochi ya simu na glasi mbili za maji: moja koroga chumvi mpaka iyeyuke yote, nyingine tia matone mawili matatu ya maziwa. Zima taa, mulika kutoka ubavuni. Kwenye maziwa utaona mwale umekatiza glasi, kama jua linavyopenya jiko lenye moshi. Kwenye chumvi karibu huuoni, maana chembe zake ni ndogo mno kuutawanya mwanga. Chujio la chai lisikudanganye, maziwa yanapita yote.

Tena usichanganye sare na safi, yaani kitu kisichochanganyika na kingine; kosa hilo nimelisahihisha miaka mingi kuliko la maziwa. Birika langu hapa Dodoma mjini limeshika ukoko mweupe ndani, mgumu kama saruji. Mke wangu hulikwangua kwa kijiko huku akininung'unikia mimi, utadhani kisima nilikichimba mwenyewe. Ukoko huo ni madini yaliyokuwa yameyeyuka kwenye maji yaleyale ya chai. Ukiyatia kwenye glasi kabla ya kuyachemsha ni maangavu, na funda la kwanza lina chumvichumvi ileile ya funda la mwisho. Hayo, mjukuu wangu, ungeandika sare ungepata.